Tela Halilalamiki: Kagua Beringi na Breki Kabla ya Msimu wa Mavuno

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mvua za masika zinapokoma na mahindi kuanza kukauka mashambani, matela yaliyolala chini ya miembe tangu msimu uliopita huanza kutafutwa. Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, matela ya trekta hutolewa kwenda kubeba mavuno. Wafanyabiashara huyafunga nyuma ya pikapu kupeleka bidhaa magulioni, na kampuni za utalii huandaa matela ya kambi kwa ajili ya wageni wa kiangazi. Ifikapo Agosti 8, Sikukuu ya Wakulima Nanenane, mengine huvutwa kwenda kwenye viwanja vya maonesho yakiwa yamebeba mashine na vielelezo.

Mara nyingi maandalizi ya tela huwa mafupi. Tairi hujazwa upepo, taa huunganishwa, mzigo hupakiwa na safari huanza. Hata hivyo, sehemu mbili zinazoamua kama tela litafika salama hazionekani kwa macho, kwa kuwa zimefichwa ndani ya gurudumu. Sehemu hizo ni beringi na breki. Makala haya yanaeleza namna zinavyofanya kazi, namna zinavyoharibika, na hatua ambazo mmiliki, dereva na fundi wanapaswa kuchukua kabla tela halijaingia barabarani.

Kwa nini tela si sawa na gari

Gari lina namna nyingi za kumwambia dereva kuwa linaumwa. Usukani hutetemeka, kanyagio la breki huzama, sauti ngeni husikika chini ya miguu. Tela halina mtu ndani yake. Mlio wa beringi iliyochakaa humezwa na ngurumo za injini na upepo, na harufu ya breki inayoungua hubaki nyuma. Kwa sababu hiyo, mtu wa kwanza kujua kuwa tela lina hitilafu mara nyingi si dereva, bali ni aliye nyuma yake anayeona moshi, au aliye kando ya barabara anayeona gurudumu likimjia peke yake.

Tofauti ya pili ni kwamba tela hupumzika muda mrefu. Wamiliki wengi huamini kuwa chombo kisichotembea hakichakai. Kwa upande wa beringi, imani hiyo ni kinyume cha ukweli. Tela linapokaa miezi sita mahali pamoja, grisi hushuka chini na kuacha sehemu ya juu ya chuma ikiwa tupu. Unyevu wa masika huingia taratibu, na madoa madogo ya kutu hujitokeza mahali ambapo chuma hugusana na chuma. Siku tela linapoanza kutembea, madoa hayo hugeuka kuwa vishimo, na kila mzunguko wa gurudumu huvipanua.

Hivyo basi, tela halipaswi kukaguliwa kwa kusubiri dalili. Linapaswa kukaguliwa kwa kufuata kalenda.

Beringi ni nini na huharibikaje

Gurudumu la tela hufungwa kwenye habu, na habu huzunguka juu ya ncha ya ekseli. Kati ya habu na ncha hiyo huwekwa beringi mbili: moja ya ndani, ambayo kwa kawaida ni kubwa zaidi, na moja ya nje. Kila beringi ina vipipa vidogo vya chuma vilivyochongoka upande mmoja, vilivyopangwa kwa duara na kuzunguka ndani ya kikombe cha chuma kilichogandamizwa kwenye habu. Umbo hilo huiwezesha beringi kubeba uzito wa mzigo unaoshuka chini na pia nguvu ya kusukumwa pembeni tela linapokata kona.

Grisi ndiyo inayotenganisha vipipa na kikombe. Upande wa ndani wa habu huwekwa sili ya mpira inayozuia grisi kutoka na maji na vumbi kuingia. Upande wa nje hufungwa kwa kifuniko kidogo cha chuma. Iwapo kimoja kati ya vitu hivyo vitatu, yaani grisi, sili au kifuniko, kitashindwa kufanya kazi yake, vingine haviwezi kuiokoa beringi.

Sababu za beringi kuharibika ni chache na zinafahamika.

Ya kwanza ni maji. Habu iliyopata moto kwa safari ndefu huwa na hewa iliyotanuka ndani yake. Ikizamishwa ghafla kwenye maji ya mto au dimbwi, au tela la boti linaposhushwa ziwani, hewa hiyo husinyaa na kuyavuta maji kupitia kwenye sili. Maji yenye kasi ya mashine ya kuoshea magari yakielekezwa moja kwa moja kwenye habu huleta madhara hayohayo. Tela lililovuka maji hadi kufunika habu linapaswa kufunguliwa na kuwekewa grisi mpya, hata kama muda wa matengenezo haujafika.

Ya pili ni kukaza nati kupita kiasi au kuilegeza mno. Beringi iliyokazwa sana hupata moto, grisi huyeyuka na chuma huungua. Iliyolegea huacha gurudumu licheze, sili huharibika, na vipipa hugonga kikombe badala ya kuzunguka.

Ya tatu ni mzigo uliozidi. Kanuni ya uhandisi inayotumika kukadiria umri wa beringi za vipipa inaonesha kuwa mzigo ukizidi kwa asilimia 20, umri wa beringi hupungua kwa karibu nusu. Mzigo ukiongezwa maradufu, umri huo hushuka hadi takriban sehemu moja ya kumi. Mmiliki anayepakia magunia ya ziada akidhani anaokoa gharama ya safari moja, hulipa gharama hiyo katika vipuri, na wakati mwingine katika maisha ya watu.

Ukaguzi usiohitaji kufungua gurudumu

Zipo hatua ambazo mmiliki anaweza kuzifanya mwenyewe kwa dakika chache kwa kila gurudumu. Tela liwekwe mahali pakavu palipo sawa, likiwa limefungwa kwenye gari linalolivuta, na kabari ziwekwe kwenye magurudumu ya upande usioinuliwa. Liinuliwe kwa jeki katika sehemu iliyoelekezwa na mtengenezaji, kisha liegemezwe juu ya stendi imara. Mtu yeyote asiingize mwili wake chini ya tela linaloshikiliwa na jeki pekee.

Gurudumu likiwa hewani, lizungushwe kwa mkono huku ukisikiliza. Beringi nzima huzunguka kwa sauti laini na ya namna moja. Mkwaruzo, mgongo au hisia ya mchanga ndani yake ni ishara ya uharibifu. Kisha shika tairi juu na chini kwa mikono miwili, uisukume na kuivuta. Mchezo unaoonekana wazi unaashiria kuwa nati imelegea au beringi imekwisha. Mwisho, tazama upande wa ndani wa gurudumu. Michirizi ya grisi kwenye rimu au kwenye tairi inaonesha kuwa sili imepasuka, na upo uwezekano mkubwa kuwa grisi hiyo imefika pia kwenye breki.

Kufungua, kusafisha na kuweka grisi mpya

Watengenezaji wa ekseli za matela mepesi kwa ujumla hushauri beringi zifunguliwe, zikaguliwe na kuwekewa grisi mpya kila baada ya miezi 12 au takriban kilomita 20,000, kutegemea lipi litatangulia. Kwa tela linalofanya kazi kwenye vumbi, tope au maji, muda huo unapaswa kufupishwa. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye ujuzi, lakini ni vyema mmiliki akafahamu mpangilio wake ili aweze kuisimamia.

Kifuniko cha nje huondolewa, pini ya kufungia hutolewa, nati na washa yake hufunguliwa, kisha habu huvutwa taratibu huku beringi ya nje ikidakwa isianguke mchangani. Sili ya ndani hung'olewa na kutupwa. Sili haitumiwi mara mbili, na hali ni hiyohiyo kwa pini ya kufungia.

Beringi huoshwa kwa mafuta ya taa au kisafishio maalumu hadi grisi yote ya zamani itoke, kisha hukaushwa kabisa. Kazi hiyo ifanyike nje au mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto. Si salama kuizungusha beringi kavu kwa upepo wa kompresa, kwa sababu inaweza kushika kasi kubwa na vipipa kuruka. Baada ya kukauka, beringi na kikombe chake hukaguliwa kwenye mwanga. Vishimo, mikwaruzo, kutu au rangi ya bluu inayotokana na joto kali ni sababu ya kutosha ya kuvibadilisha. Beringi na kikombe hubadilishwa pamoja. Kuweka beringi mpya kwenye kikombe kilichochakaa ni kuiharibu kabla haijaanza kazi.

Grisi inayofaa ni ile iliyotengenezwa mahsusi kwa beringi za magurudumu, yenye uzito wa namba 2 na uwezo wa kuhimili joto kali. Grisi za aina tofauti zisichanganywe, kwani baadhi zikikutana hupoteza ugumu na kumwagika. Grisi haipakwi juu juu. Fundi huiweka kwenye kiganja na kuisukumia beringi upande wake mpana, hadi grisi itokeze upande wa pili kati ya kila kipipa. Kazi hii haina njia ya mkato.

Hatua ya mwisho ndiyo inayokosewa zaidi. Nati hukazwa kwa spana huku habu ikizungushwa, ili vipipa vikae sawasawa kwenye vikombe. Kwa ekseli nyingi za matela mepesi yanayovutwa na magari madogo, nguvu inayotumika hapa ni takriban nyutoni-mita 68. Baada ya hapo nati hulegezwa kabisa bila kuizungusha habu, kisha hukazwa tena kwa vidole tu hadi iguse. Pini mpya hupitishwa, na ikiwa tundu halilingani, nati hurudishwa nyuma kidogo hadi lilingane. Fundi anayemalizia kazi hii kwa spana ndefu na nguvu za mabega anaiandaa beringi kuungua. Pale ambapo maelekezo ya mtengenezaji wa ekseli yanatofautiana na haya, maelekezo hayo ndiyo yafuatwe.

Breki: fahamu kwanza tela lako lina za aina gani

Matela yanayotumika nchini yana mifumo tofauti ya breki, na matengenezo hutegemea aina ya mfumo.

Matela mengi madogo na baadhi ya matela ya trekta hayana breki kabisa. Katika hali hiyo, breki za gari au trekta linalovuta ndizo zinazosimamisha uzito wote. Mmiliki anapaswa kuheshimu kikomo cha uzito kilichowekwa na mtengenezaji wa chombo kinachovuta, na dereva apunguze mwendo mapema kabla ya mteremko. Aidha, tela la mizigo lisitumike kubeba watu. Vibarua wanaokaa juu ya magunia wakirudi kutoka shambani hawana cha kuwashikilia tela linapoyumba.

Aina ya pili ni breki za msukumo. Gari linapopunguza mwendo, tela husogea mbele na kukisukuma kiungio, na msukumo huo hupelekwa kwenye magurudumu kwa waya au kwa mafuta ya breki. Mfumo huu huhitaji chuma cha kiungio kiteleze bila kukwama, kipakwe grisi, na waya zake zisiwe na kutu wala kukatika nyuzi. Ikiwa unatumia mafuta, yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa hunyonya unyevu kutoka hewani. Unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka na kuleta kutu kwenye silinda.

Aina ya tatu ni breki za umeme, zinazopatikana zaidi kwenye matela ya kambi na nyumba za magurudumu zilizotengenezwa nje ya nchi. Ndani ya dramu kuna sumaku inayopata umeme kutoka kwenye kidhibiti kilicho karibu na dereva. Sumaku hunata kwenye uso wa dramu, huvutwa na mzunguko wake na kusukuma mkono unaotanua shuu za breki. Fundi hukagua kama uso wa sumaku umechakaa upande mmoja, kama waya zimechubuka, na kama viunganisho havina kutu. Hitilafu nyingi za breki hizi zina chanzo chake kwenye waya wa ardhi uliounganishwa vibaya.

Matela mengi yenye breki za umeme huwa pia na swichi ya dharura iliyounganishwa na gari kwa waya mwembamba. Tela likichomoka, waya huo huvuta pini na breki hushika zenyewe kwa nguvu ya betri ndogo iliyo kwenye tela. Waya huo ufungwe kwenye gari, si kwenye mnyororo wa usalama, na betri ipimwe kabla ya kila safari ndefu. Betri iliyokufa huifanya swichi hiyo kuwa pambo.

Aina ya nne ni breki za upepo, zinazotumika kwenye matela ya malori. Matangi ya upepo yatolewe maji kila siku, mipira ikaguliwe isiwe imepasuka wala kusuguana na chuma, na dereva asikilize mvujo wa upepo injini ikiwa imezimwa. Mikono ya kurekebishia breki ikaguliwe kwenye kila gurudumu, kwa sababu breki moja iliyolegea huzilazimu nyingine kubeba kazi yake. Chemba za breki zenye springi ya dharura zisifunguliwe na mtu asiye na utaalamu. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua.

Shuu, dramu na vumbi lake

Kila habu inapofunguliwa kwa ajili ya beringi, breki nazo zikaguliwe papo hapo. Unene wa utando wa shuu upimwe na kulinganishwa na kikomo cha mtengenezaji. Ndani ya dramu kusiwe na mifereji mirefu wala nyufa, na kipenyo chake kisizidi kile kilichochongwa kwenye dramu yenyewe. Shuu zilizolowa grisi au mafuta haziponi kwa kufutwa kwa kitambaa, hubadilishwa. Zibadilishwe pande zote mbili za ekseli kwa wakati mmoja, la sivyo tela litavuta upande mmoja kila dereva anapofunga breki.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, madini ambayo nyuzi zake zikivutwa kwa pumzi husababisha magonjwa ya mapafu, ikiwamo saratani. Vumbi hilo lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji.

Baada ya kufunga, breki za dramu zisizojirekebisha zenyewe zirekebishwe. Kirekebishio huzungushwa hadi gurudumu liwe gumu kuzunguka, kisha hurudishwa nyuma hadi lizunguke kwa mkwaruzo mdogo tu. Shuu mpya zirekebishwe tena baada ya takriban kilomita 300, na baadaye kila kilomita 5,000.

Mlima huonesha kazi ya fundi

Madereva wanaotumia barabara kuu ya TANZAM wanaufahamu mteremko wa Kitonga mkoani Iringa, na wale wa barabara ya Singida hadi Nzega wanaufahamu mlima Sekenke. Katika maeneo kama hayo, breki hupimwa kwa namna ambayo uwanja wa gereji hauwezi kuipima.

Breki hufanya kazi kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Lori na tela lake lenye jumla ya tani 56, likishuka kimo cha mita 300, huwa na nishati inayotosha kuyatoa maji zaidi ya lita 500 kwenye nyuzi 25 na kuyafikisha kwenye kuchemka. Iwapo dereva ataushuka mlima huo kwa kutegemea kanyagio peke yake, sehemu kubwa ya joto hilo itaishia kwenye dramu. Dramu hutanuka na kujitenga na shuu, utando hupoteza msuguano, na breki zilizokuwa nzima juu ya mlima hukosa nguvu katikati yake. Joto hilo huhamia pia kwenye habu na kuyeyusha grisi ya beringi.

Kwa hiyo, gia ndogo iingizwe kabla ya kuanza kushuka, breki ya injini itumike, na kanyagio libonyezwe kwa vipindi badala ya kushikiliwa mfululizo. Breki za tela zisizofanya kazi huongeza mzigo wa breki za gari linalovuta, na wakati wa dharura tela huweza kulisukuma gari hilo hadi likakunjika.

Kituo cha kwanza baada ya matengenezo

Tela lililotoka kwa fundi halipaswi kuanza moja kwa moja na safari ya mbali. Lijaribiwe kwanza kwa mwendo mdogo kwenye barabara iliyo sawa ili kuthibitisha kuwa breki zinashika na hazivuti upande. Baada ya takriban kilomita 15, dereva asimame mahali salama na kukagua habu zote. Akaribishe mgongo wa mkono bila kugusa kwanza, kwa kuwa habu yenye hitilafu inaweza kuunguza. Habu kuwa na joto kiasi si tatizo. Tatizo ni habu moja kuwa na joto kuliko wenzake. Hali hiyo inaashiria beringi iliyokazwa mno au breki iliyokwama, na safari isiendelee.

Katika kituo hicho nati za magurudumu nazo zikazwe upya kwa kufuata mpangilio wa nyota, yaani kutoka nati moja kwenda iliyo mkabala nayo. Ukaguzi huo urudiwe baada ya kilomita 40 na tena baada ya kilomita 80. Baada ya hapo, kila dereva anaposimama kupumzika, azunguke tela lake kabla ya kuagiza chai.

Msimu ukiisha, tela liwekewe grisi mpya kabla halijahifadhiwa, na liegeshwe mahali pakavu. Kwenye eneo la tambarare lizuiwe kwa kabari badala ya breki ya mkono, kwa sababu shuu zilizobanwa kwa miezi mingi huweza kushikana na dramu.

Wajibu wa mmiliki kisheria

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka mwenye chombo kuhakikisha kinapotumika barabarani kiko katika hali isiyohatarisha watu, na tela ni sehemu ya wajibu huo. Kwa magari makubwa, Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 1, 2019, inaweka kikomo cha uzito wa jumla kuwa tani 56. Ekseli mbili zilizofuatana zenye tairi nane hazipaswi kuzidi tani 18, na ekseli tatu zenye tairi 12 hazipaswi kuzidi tani 24. Mizani iliyopo barabarani huilinda lami, na vilevile huzilinda beringi na breki zilizotengenezwa kwa uzito unaojulikana.

Katika kununua vipuri, mmiliki achukue beringi ya zamani na kulinganisha namba iliyochongwa juu yake na ile mpya, akague kifungashio, na adai risiti ya EFD itakayomsaidia endapo kipuri kitabainika kuwa na kasoro. Kazi ya kufungua habu apewe fundi aliyepata mafunzo, wakiwamo wahitimu wa vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA).

Jambo la mwisho ni dogo na halina gharama kubwa. Kila tela liwe na daftari lake, ambamo huandikwa tarehe ya kuweka grisi, gurudumu lililofunguliwa, kipuri kilichobadilishwa na jina la fundi. Tela haliwezi kumwambia mmiliki wake kuwa mwaka umepita tangu lilipofunguliwa mara ya mwisho, lakini daftari linaweza. Wamiliki wanakumbushwa kulifungua daftari hilo leo, kabla mzigo wa kwanza wa msimu haujapakiwa.